Sukuma ya kando ya lami

Hamjamboni tena. Wengine mmenisikia nikisema haya maneno ya sumu kwa mboga za kando ya barabara kule Molo, mmenisikia Njoro, na leo bado nitayasema, kwa sababu nikija hapa asubuhi nimepita Salgaa, kwa barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, nikaona sukuma wiki imepandwa hadi kwa mtaro wa barabara. Hadi kwa mtaro jamani!

Wacha niwaambie ya kitambaa. Kuna siku nilisimama pale Salgaa, chini ya ule mteremko wa Sachangwan, trela zinashuka moja nyuma ya ingine, breki zimeshikwa hadi harufu ya kuungua inakukaba koo. Nikamwomba mama mwenye shamba nichume jani moja tu, nikatoa kitambaa changu cheupe nikalipangusa mara moja. Kikawa cheusi. Sio ile rangi ya mchanga, ni nyeusi ya mafuta mafuta, inanata kwa kidole. Tukaingia ndani ya shamba kama hatua mia hivi, nikapangusa jani lingine, likatoa vumbi la kawaida tu. Mama akaniambia, "Si ni moshi tu mwalimu, nitaosha." Mama yangu, hiyo nyeusi ni raba ya tairi na unga wa breki! Tairi ina zinki na kadmiamu kidogo, hiyo ni metali ya sumu, breki nyingi zina shaba, na huo mchanga tuliosimama juu yake una risasi, sio ya bunduki, ni ile metali nzito ya sumu iliyokuwa inawekwa kwa petroli.

Sasa hapo lazima mtu aniambie niache kuwatisha watu, petroli ya risasi iliisha. Kweli iliisha, Kenya iliacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani 2021. Lakini kabla ya hapo ilikuwa inawekwa ndio injini isigonge, inatokea kwa egzosti, inaanguka wapi? Kando ya barabara. Na risasi haiozi, mvua nayo haiipeleki mbali chini, inashikana na udongo na mboji inakaa zile inchi chache za juu, pale pale jembe linapogusa. Gari lililoitupa hapo 1985 lilishauzwa chuma chakavu zamani, risasi yake bado iko.

Mwingine ataniambia tumekula hizi mboga tangu utotoni na tuko hai. Sijasema mtu ataanguka kesho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu ubongo wake ndio unakua. Anatambaa hapo shambani wewe ukipalilia, mkono kwa mchanga, mkono kwa mdomo. Hutaona homa, hutaona upele, utaona tu mtoto hashiki masomo halafu unamchapa bure.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hivyo haraka haraka. Uchafu mwingi huanguka karibu, mita 30 za kwanza ndizo mbaya zaidi, ukifika 50 umepungua sana. Hapo mbele panda ua mnene ukinge vumbi, panda miti, au mahindi, kwa sababu punje iko ndani ya maganda na risasi haipandi sana hadi huko. Sukuma, managu, dania, peleka ndani. Karoti na viazi pia, hizo zinatoka na mchanga. Kuosha osha, tena kwa maji mengi, lakini kadmiamu iliyopitia kwa mizizi haitoki na maji, hiyo unaipunguza kwa chokaa na mbolea ya ng'ombe kwa sababu inapanda zaidi mchanga ukiwa na asidi. Na mkienda kupima mchanga semeni mnataka risasi na kadmiamu, kipimo kile cha kawaida cha asidi na naitrojeni hakionyeshi.

Ya betri kuukuu sitafika leo. Lakini kama kuna mtu hapa anapasua betri za gari nyuma ya nyumba ayeyushe risasi iliyo ndani, tafadhali, watoto wasicheze hapo tena, hata leo jioni, na hiyo mboga iliyo karibu ing'oe.