Lori Likifika: "If" au "When"?

Baba na mama, vijana wetu, karibuni. Wengi humu mnatafuta Kiingereza kwa sababu ya Kasumbalesa. Ukivuka pale uko Zambia, na huko karatasi za mizigo, hata mabishano ya bei, yanakwenda kwa Kiingereza. Leo tushike sentensi moja tu: ya sharti linaloweza kutimia.

"If the price drops, I will buy ten bags." Bei ikishuka, nitanunua mifuko 10. Upande wa "if" kitendo kiko wakati uliopo, "drops", ingawa bei bado haijashuka. "Will" inakaa upande wa matokeo. Hapa sisi watu wa Lubumbashi tuna bahati, maana Kifaransa cha shule kinapanga vilevile: "si le prix baisse, j'achèterai". Kiswahili nacho kinaweka -ki- kwenye sharti na -ta- kwenye matokeo. Ila ile s ya "drops" itamkeni, tunaimeza mno.

Ugumu uko kwenye "when". Ukimwambia muuzaji, "Lori likifika nitakulipa", je, una hakika litafika? Hiyo -ki- haisemi. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "When the truck arrives, I will pay you": lori linakuja, tunangoja saa tu. "If the truck arrives, I will pay you": huenda lisifike, na pesa isitoke. Mtu anayedai fedha yake akisikia "if" ataanza kuuliza maswali, na ana haki.

Halafu hapo hapo Kifaransa kinatupoteza. Kinasema "quand le camion arrivera", wakati ujao, na waliokizoea sana wanatoka na "when the truck will arrive". Hapana, jamani! "When" inafuata njia ya "if": "when the truck arrives". Kosa hili nawaomba tulipige vita kuliko mengine yote.

"Usipolipa leo" ni "if you don't pay today", au "unless you pay today". "Unless" imeshabeba ukanushi. Ukiongeza "don't" umegeuza maana.

Na matokeo yanaweza kuwa amri: "If they stop you, call me."

Sasa andikeni hii kwa Kiingereza: mvua ikinyesha usiku, lori litachelewa. Tuko Januari, msimu wa mvua hapa Lubumbashi, kwa hiyo kabla ya kushika kalamu amueni kama ni "if" au "when".