Televisheni ya Mkoa Haifungwi kwa Kufuli

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na ananitazama kwa jicho ninalolijua, maana mara ya mwisho alinipa ishirini nikala arobaini na tano. Nimekuja kuitetea televisheni ya mkoa, ile ya bure inayokuja kwa antena. Mlionisikia Muheza na Korogwe mnajua naanzia wapi. Naanzia kwenye antena ya mjomba. Aliyeichoka anaruhusiwa kutoka akanywe kahawa, atanikuta bado nipo hapo hapo.

Mjomba wangu alikaa Ngamiani, Tanga mjini. Uani kwake palikuwa na mnazi uliokufa kichwa, akaufunga bomba refu la chuma, juu ya bomba antena, na chini ya bomba akaniweka mimi, mtoto wa miaka tisa. Huku bara hatukuwa na televisheni. Vijana, msinicheke: Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara tulisubiri vituo vya kwanza mpaka 1994, na cha serikali mpaka 2000. Mwalimu aliona ni anasa kwa nchi maskini. Basi sisi wa pwani tukawa tunadoea ya Wazanzibari.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha bomba. Mjomba yuko sebuleni, anapiga kelele dirishani: "Bado! Bado! Hapo hapo! Umeipita, we mtoto, rudi!" Jioni ya joto, bahari imetulia, picha ilikuja safi kama ya nyumba ya pili. Ukivuma upepo, chenga tupu, unasikia taarab lakini mwimbaji humwoni. Na seti ya mjomba ilikuwa nyeusi na nyeupe! Wenzetu wanarusha rangi, sisi tunabishana gauni la mwimbaji ni jekundu au kijani. Shangazi alishikilia ni kijani. Mpaka anafariki alishikilia kijani.

Watu walijaa ukumbini, waliokosa nafasi wakatandika mkeka barazani, wakachungulia dirishani. Jirani mmoja aliuza kashata pale pale. Na sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa kichekesho. Mjomba alinunua seti mara moja. Alinunua waya mara moja. Basi. Aliyerusha picha kule ng'ambo ya maji hakumjua mjomba kwa jina, hakutaka namba yake ya simu, hakuwa na njia ya kumkatia yeye akamwachia jirani. Na sisi arobaini tulipokaa kwenye seti moja, mtambo haukutumia hata senti moja ya ziada. Hiyo ndiyo televisheni ya bure.

Nasikia mtu anaguna. Anasema, mzee, hayo ni ya kale, leo kuna king'amuzi. Ndiyo, kipo. Tuliahidiwa nini lakini? Nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuachana na analojia, ule urushaji wa zamani wa kabla ya ving'amuzi, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa siku ya mwisho. Tanzania tukawahi: Dar es Salaam ilizimwa 31 Desemba 2012, Tanga tukafuata mwanzoni mwa 2013. Mimi sikupinga dijitali, na naomba hili liandikwe vizuri kwa sababu kuna waandishi hapa. Masafa yaliyobeba chaneli moja sasa yanabeba kumi na zaidi. Ni jambo zuri. Kilichonikera ni kingine. Zamani kituo kilikuwa na mnara wake. Sasa kituo kinatengeneza vipindi, halafu kinamlipa msafirishaji avipeleke hewani. Kituo cha taifa kina matangazo ya benki na kampuni za simu, kinalipa. Kituo cha mkoa kina matangazo ya duka la magodoro na mganga wa tiba asili. Bili ya usafirishaji hainunuliwi kwa magodoro.

Mtaniambia, basi kiende kwenye setilaiti, kila bati siku hizi lina dishi. Jamani! Setilaiti haijui mkoa. Kituo chetu kikipanda kule kitamwagwa juu ya nchi nzima na nchi za jirani, na kitalipia mwago wote huo, wakati anayetaka kujua kivuko cha Pangani kimeharibika ni mtu wa Pangani. Mnara wa ardhini ndio unaojua Muheza ni Muheza. Ingawa Lushoto, nakiri, milima inaukatalia. Ndugu zangu wa Usambara huwa wananisuta kwa hili na wana haki, kule panataka mitambo midogo midogo ya kurudishia mawimbi, na mitambo hiyo ndiyo ya kwanza kusahauliwa ikiharibika.

Ndiyo maana nasema msisubiri kuona kufuli mlangoni. Mtambo unaharibika, kipuri kinasubiriwa, watazamaji wanahama, kisha mtu anakuja na karatasi: watazamaji wamepungua, hakuna haja ya kutengeneza. Na mwishoni mnaambiwa neno tamu, "hatufungi, tunahamia mtandaoni."

Msidhani ni shida ya maskini peke yao. Uswisi shirika lao la umma lilizima mitambo ya antena tarehe 3 Juni 2019. Uingereza wanabishana kama matangazo ya antena yaendelee au yazimwe baada ya 2034. Australia kuna mji unaitwa Mildura, jimbo la Victoria, mji wa wakulima, hata ndugu zetu Warundi wapo wanalima mahindi huko. Tarehe 30 Juni 2024 matangazo ya Network 10, moja ya televisheni kubwa za bure za nchi hiyo, yaliondoka kwenye antena za mji huo. Wenye mtambo waliona haulipi tena. Watu wakaelekezwa mtandaoni na kwenye setilaiti. Huo ni mji wa nchi tajiri, wenye umeme usiokatika. Sasa niambieni Handeni itapewa nini.

Mtandaoni. Kijana wa mbele hapa ana simu nzuri, namwona, anairekodi hotuba yangu. Mwanangu, bando lako la leo limebaki kiasi gani? ... Anacheka. Mnara ukirusha mechi, watu laki wakiitazama, gharama ni ile ile ya mtu mmoja. Mtandaoni kila mtazamaji anafungua bomba lake na mita yake. Bibi yako atanunua bando ili atazame taarifa ya habari saa mbili usiku? Atanunua sukari. Na akikosea akanunua, siku ya mafuriko, siku ambayo kila mtu anapiga simu, mtandao utakuwa umelemewa.

Dakika ngapi? Tano? Ulisema kumi. Haya.

La pili, nalipitia mbio: "bure" ikikaa ndani ya kifaa cha kulipia, imekuwa ya kuazima. Agosti 2018 TCRA, mdhibiti wetu wa mawasiliano, ilipoamua kuwa leseni za baadhi ya ving'amuzi vya kulipia haziruhusu kubeba chaneli za bure, chaneli hizo ziliondolewa. Kisheria sibishani. Lakini mama yangu alikuwa kalipia kifurushi cha mwezi mzima, akanipigia: "Baba, TBC imekwenda wapi?" Alidhani kaharibu rimoti. Nilimfunga antena nje ya dirisha wiki ile ile.

La tatu, Kenya. Februari 2015 vituo vikubwa viligombana na mdhibiti juu ya nani asafirishe matangazo, mitambo ya analojia ikazimwa, na Citizen, NTV na KTN zikawa giza karibu wiki tatu. Nilitaka kuwaeleza hukumu za mahakama, ni somo zuri sana, ila mwenyekiti ameshasimama. Nilikuwa pia na la nne kuhusu lugha, jinsi Kisambaa na Kidigo vinavyokosa mahali pa kusikika. Niliache.

Ninachoomba ni kidogo. Ukiona picha ya antena imekatika mtaani kwako, usikimbilie dukani kununua dishi. Andika tarehe na saa, na jirani wangapi wamekatikiwa, upeleke kwa kituo na kwa mdhibiti, nakala kwa diwani. Wakija na ile karatasi ya watazamaji wamepungua, na sisi tuwe na yetu.

Na kabla hamjauliza: mnazi wa mjomba ulianguka. Bomba lipo, shangazi aliligeuza la kuanikia nguo. Maikrofoni iko kule nyuma, aanze yule mama wa kanga ya njano. Ni njano, eh?