Kompyuta ya Mteja Inamtii Nani?

Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, Busia, Uganda

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na akina mama wa maduka ya fotokopi mliofunga biashara kuja kutusikiliza: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nieleze kama ni halali kumuuzia mtu Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Hilo ni jepesi, tulimalize. Ni halali. Leseni ya GPL, yaani masharti ya kutumia na kugawa programu, toleo la 2 la mwaka 1991, ambayo kiini cha Linux kiko chini yake hadi leo, haikatazi kutoza pesa. Inachodai ni kwamba uliyempa programu aweze kupata msimbo chanzo wake (maandishi yaliyoiunda), na asizuiwe kuunakili na kuugawa. Kampuni ya Zorin ya Ireland, inayotengeneza aina yake ya Linux, ina toleo la bure, na ina lile la Pro la kulipia. Ukilipa unapata mionekano zaidi ya skrini, programu zilizokwisha kuwekwa, ambazo nyingi unaweza kuzipakua mwenyewe bila kulipa senti, pamoja na msaada wa kusakinisha. Wanaonung'unika kwamba "wanauza vya bure" siwaelewi. Sisi hapa tunatoza nini, kama si kazi ya mikono?

Tugeukie zito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Zorin OS 18 ikatolewa siku hiyohiyo. Biashara wanaijua. (Kicheko.) Laptopu za mitumba mnazouza hapa nyingi haziiwezi Windows 11, kwa hiyo mteja anashauriwa Linux. Ni mwalimu wa shule ya msingi, au mfanyabiashara wa mahindi wa upande wa Malaba. Tunamwambia: "Hii ni salama, msimbo wake uko wazi."

Kwake hayo ni maneno matupu. Hatausoma. Na mimi sijausoma wote, na ninyi vilevile. Msimbo wazi humfaa anayeanza pale tu ambapo kuna mwingine anayeutazama kwa niaba yake, na kampuni inayosema mapema inachofanya kabla ya kushikwa.

Mfano mzuri ni Ubuntu, aina nyingine ya Linux, inayotengenezwa na Canonical ya London. Oktoba 2012 walitoa toleo la 12.10. Mtu alifungua kisanduku cha kutafuta, akaandika, tuseme, "barua ya mkopo", akitafuta faili lake mwenyewe ndani ya mashine yake mwenyewe. Maneno yale yalisafiri hadi kwenye seva za Canonical, na majibu yakarudi yamechanganyika na bidhaa za Amazon. Akinunua, Canonical inapata kamisheni. Huduma ilikuwa imewashwa tangu mwanzo. Asiyeitaka ndiye aliyetakiwa kuizima, na anayeanza atajuaje kwamba kuna kitu cha kuzima? Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, aliiita programu ya kijasusi. Mwanzilishi wa Ubuntu, Mark Shuttleworth, aliwajibu waliolalamika kwamba kama hawamwamini, wakumbuke kampuni yake tayari ina ruti, yaani mamlaka ya juu kabisa, kwenye mashine zao.

Jibu lile liliwaudhi wengi. Mimi naona ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote. Anayekuletea masasisho anaweza kuingiza chochote, awe mfanyabiashara au mtu anayejitolea. Basi mwenye ruti ndiye anayedaiwa uwazi zaidi, na hapo ndipo Shuttleworth alipokosea hesabu. Utafutaji ule ulikuja kuzimwa kwa kawaida katika toleo la 16.04, Aprili 2016.

Toleo la Ubuntu la 18.04 la mwaka 2018 lilikuwa na adabu zaidi: lilionyesha taarifa za mashine, kama aina ya prosesa, kabla ya kuzituma, ila jibu la "ndiyo" lilikuwa limekwisha kuchaguliwa. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaitaka ridhaa. Aina ya prosesa si jina la mtu, najua, lakini desturi ya kuuliza kwanza ni ileile.

Sasa tujitazame sisi. Faili la ISO, lenye mfumo mzima wa kusakinisha, ni gigabaiti kadhaa, na bando ni ghali, kwa hiyo moja linapakuliwa Kampala na kuzunguka kwa flashi hadi huku. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, aina nyingine ya Linux, ilidukuliwa, na viungo vya kupakulia toleo la 17.3 lenye mwonekano wa Cinnamon vikaelekezwa kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Kiongozi wa mradi, Clement Lefebvre, alitangaza hadharani mara moja. Hiyo ndiyo kampuni, au mradi, ninaoweza kumpendekezea mteja.

Flashi hii nimepewa asubuhi na kijana mmoja hapa. Tazameni ukutani. Naandika sha256sum, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, ambayo hubadilika faili likibadilishwa, kisha jina la faili. Tunasubiri... mashine ni nzee, mvumilie... haya, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Tunaulinganisha na ule wa watengenezaji, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kutazama herufi nne za kwanza hakutoshi. Na kwa kuwa mdukuzi aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadilisha hata mstari huo, kagueni pia saini ya GPG, yaani saini ya kidijitali ya watengenezaji, kwa ufunguo wao mlioupata kwa njia nyingine. Hii ya leo imelingana. Ingetofautiana hata kwa herufi moja, ningeifuta mbele yenu.

Ombi langu ni dogo. Kwenye risiti, chini ya bei, andikeni jina la distro, yaani aina ya Linux, na toleo lake, nani anaitengeneza, ISO ilikaguliwa lini, na inatuma taarifa gani nje. Mteja mwenye swali atarudi kwako, hatamfuata Shuttleworth. Mwenyekiti, kama muda upo, nipokee maswali.