Kuchagua keji ya gari la traki: kiti kwanza, bomba baadaye

Haya wakuu, karibuni tena gereji, hapa Industrial Area, Nairobi. Leo hatuchomelei kitu. Mliokuja kuona cheche mniwie radhi, zamu yenu inakuja. Leo tunachagua keji, ile fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa ndani ya gari la traki, yaani la kukimbizwa kwenye uwanja wa mbio, ili paa lisikushukie likipinduka. Tunaichagua kwa sababu hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea, na wengine karibu wapoteze na kichwa.

Gari ni Subaru Impreza, bodi ya GDB. Mwenyewe analipeleka kwenye TT, mbio za kushindana na saa, wikendi, Jumatatu analiendea kazini. Hiyo Jumatatu ishike, ndiyo itaamua kila kitu. Ameniletea picha kwenye simu: keji ya rali, mabomba yamepita hadi kwenye maungio ya shoksi za mbele, rangi nyeupe, inameremeta. Nikamwambia kaka, picha nzuri, lakini nionyeshe kiti chako kwanza.

Kutoa viti vya nyuma na zulia sitawapotezea muda. Fungua bolti, vuta, weka kando. Ukivunja klipu mbili tatu usilie, Kirinyaga Road zimejaa.

Sasa hapa tulia. Funga kiti utakachotumia kweli, mahali utakapokaa kweli. Kisha ingia, vaa helmeti, jifunge mkanda. Nimesema helmeti. Usipime ukiwa kichwa wazi, usiseme "nitaongeza kidogo kwa makadirio". Helmeti inakula sentimita kadhaa kila upande, na gari likigonga mwili wako haubaki pale ulipokaa, mikanda inavutika na kichwa kinatembea. Kwa hiyo ukishakaa, egemea mlangoni, egemea mbele, inua kidevu. Kila mahali helmeti inapofika, bomba lisiwepo.

Hili tao, bomba lililopindwa kutoka sakafuni kupita chini ya paa hadi upande wa pili, nimeliegesha tu, halijafungwa, ni la kupimia. Kaka, ingia. Helmeti... haya, egemea kulia. Ko! Mmesikia? Kamera, sogea hapa. Hapa, kwenye kona ya tao. Hajagongwa, hajapinduka, amekaa tu gereji na tayari kichwa kimebisha hodi. Tatizo si tao, tatizo ni kiti: kimepandishwa juu ya reli za kuteleza. Tukitoa reli tukatumia mabano ya pembeni, anashuka. Mimi binafsi napenda nipate sentimita 8 kati ya helmeti na bomba lolote. Hiyo ni yangu, si sheria. Ndiyo maana nasema keji inachaguliwa ukiwa umekaa, na helmeti iko kichwani. Nitaendelea kusema hadi mchoke.

Twende kwenye aina. Ya kwanza ni nusu keji: tao kuu nyuma ya viti vya mbele, miguu miwili ya nyuma, na bomba la mshazari. Usinunue isiyo na mshazari, bila hilo tao linapinda upande kama fremu ya kitanda iliyolegea. Hii inafungwa kwa bolti, pointi nne, na mbele ya dereva hakuna bomba lolote. Ya pili ni pointi sita, inashuka na nguzo za kioo cha mbele, na mara nyingi ina mabomba ya milangoni. Nayo ipo ya bolti. Ya tatu ni ya kuchomelea kwenye bodi, hiyo ndiyo ya kwenye picha ya kaka yetu.

Sasa rudi kwenye ile Jumatatu. Keji kamili, hizo aina mbili za mwisho, kwenye barabara ya kawaida, huna helmeti, umevaa shati la ofisini, matatu ikakugonga ubavuni pale Roysambu. Kichwa chako kinakwenda moja kwa moja kwenye bomba la chuma. Gari lenye mifuko ya hewa ya pazia juu ya madirisha ndilo baya zaidi, maana mabomba yanakaa njiani mwa huo mfuko. Basi kama gari ni la traki na la kazini pia, jibu langu ni nusu keji, na viti vya nyuma vitolewe kabisa. Si kwamba mtoto atakaa "mara moja tu". Hakai, kwa sababu paji lake la uso liko usawa wa bomba.

Na msinifanyie ule mchezo wa kufunga mikanda ya mashindano kwenye gari lisilo na keji. Mkanda wa kawaida unakuacha uiname paa likishuka. Ule wa mashindano unakushikilia wima, na paa linashuka pale pale ulipo. Kiti cha mashindano, mikanda na tao vinakuja pamoja. Mikanda ya mabega inafungwa kwenye bomba la mlalo nyuma yako, ikishuka kidogo kuelekea nyuma: FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, inashauri isizidi digrii 10, na mwisho kabisa ni 45. Kwa hiyo ukichagua keji, angalia kama ina hilo bomba na kama kimo chake kinalingana na mabega yako. Utapimaje? Ukiwa umekaa. Na helmeti.

Chuma. Hapa ndipo fundi asiyejua anakuuzia bomba la geti. Kanuni za FIA, Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi. Tao kuu liwe milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Yale mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kama una ndoto ya kuingia rali siku moja, anza na hizo namba na usome kanuni za KMSF, shirikisho la mbio za magari la Kenya, kabla ya kulipa, kwa sababu mkaguzi hana huruma na risiti yako.

Njoo na tochi, nikuonyeshe kitu. Vipande viwili, kwa nje huwezi kuvitofautisha. Mulika ndani. Hiki cha kwanza, safi mzunguko mzima. Hiki cha pili, unaona mstari unaokimbia urefu wote? Ingiza kidole, pitisha... kuna kigongo chembamba. Huo ni mshono, bati limekunjwa likachomelewa. Kwa kibanda cha kuku ni sawa. Bomba la maji lenye zinki ndilo usithubutu kabisa, hata moshi wake ukichomelea unaumiza mapafu.

Kisha tazama kona. Pale bomba lilipopinda, liwe bado mviringo. Ukiona limebonyea au lina mikunjo ya ndani kama goti la suruali, rudisha. Weka kalipa: kipenyo kidogo kikigawanywa kwa kikubwa kisishuke chini ya 0.9. Hapa tuna 41 kwa 44, tuko sawa, ni zaidi ya 0.93.

Watu watauliza kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni. Ni nzuri, ina nguvu, unaweza kupunguza uzito kidogo, lakini inataka mchomeleaji anayeijua, kwa mashine ya TIG, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Kwa gari la kufurahia wikendi chuma cha kawaida kisicho na mshono kinatosha. Ongeza hiyo tofauti kwenye breki.

Miguu ya keji. Kila mguu wa tao ukae juu ya bamba la chuma la milimita 3, lenye eneo la angalau sentimita 120 za mraba, lililochomelewa kwenye bodi, na bolti tatu za M8 daraja la 8.8 au zaidi. Soma kichwa cha bolti, imeandikwa 8.8. Isiyo na maandishi irudishe kwenye kopo la misumari. Na kabla ya kutoboa, chungulia chini ya gari na chini ya zulia, mabomba ya mafuta na ya breki yanapita...

Subiri. Subiri, kamera hapa. Hii nini? Nilidhani ni matope. Nipe bisibisi. Ona, inaingia. Kutu. Mguu wa kushoto ungekaa hapa hapa. Magari yaliyotembea kule Japani kwenye theluji hukutana na chumvi ya barabarani, na chini ya zulia hakuna anayechungulia. Kaka usinitazame hivyo, si mimi niliyeinyunyizia. Keji ya bei yoyote ikifungwa kwenye bati hili, gari likipinduka mguu unatoboa sakafu na tao linazama. Tunakata hadi tufikie bati zima, tunaweka jipya, ndipo tuzungumze bolti. Bajeti yako imebadilika, na leo hatuagizi.

Tukimaliza hilo, oda ni nusu keji ya bolti, ina mshazari na bomba la mikanda. Sponji ya kufunika mabomba karibu na kichwa iwe ile ngumu yenye alama ya FIA 8857-2001, si ile laini ya kufunikia mabomba ya kiyoyozi, ukiibonyeza kwa kidole gumba ikazama yote haikusaidii. Rangi chagua mwenyewe, mimi napenda kijivu, nyeusi inaficha nyufa.

Anayetaka nimpimie, namba iko hapo chini. Njoo na kiti na helmeti yako. Wewe kijana, zima kamera uniletee grenda.