Mkono Ndio Unaochagua Kaliba

(Mhadhara kwa wamiliki wa silaha wenye leseni na waongoza watalii wa matembezi, Iringa)

Kamwene, ndugu zangu. Karibuni mliotoka Mbeya, Njombe na Mafinga. Najua wengine mmesafiri usiku na baridi hii. Sogeeni mbele, hapa hakuna kipaza sauti.

Leo asubuhi, kabla sijavua koti, kijana mmoja alinifuata mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, kati ya rivolva zote, ipi ina nguvu kuliko zote?" Swali hilo nimelijibu miaka na miaka, na bado linanikera. Linanikera kwa sababu anayeuliza hivyo huwa ameshaamua anunue nini, anachotaka kwangu ni baraka tu. Baraka hiyo sitoi. Niulize hivi: ni risasi ipi ambayo nikifyatua ya kwanza hadi ya sita, macho yangu yatabaki wazi? Hapo tutakaa chini tuzungumze.

Leseni mnazo, sheria ya silaha ya mwaka 2015 mmeisoma, na silinda, ile ngoma ya rivolva inayobeba risasi, mnaijua. Sitarudi huko.

Acha niwaeleze habari ya mzee mmoja wa Mufindi, mfanyabiashara wa mbao. Wanaonifahamu wameshaisikia, wanivumilie. Alikuja uwanjani na rivolva ya kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ya .44 Magnum, mpya, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Aliyemuuzia alimwambia kwamba kwa silaha hiyo hatahitaji kulenga sana. Kauli hiyo nikiisikia damu inachemka. Nikamwekea karatasi kwenye mita 15. Risasi ya kwanza ikatoboa ukingo wa juu wa karatasi. Ya pili ikapiga udongo mita tatu mbele ya shabaha. Ya tatu na ya nne sikuona zimekwenda wapi, niliona vumbi tu. Akanigeukia: "Mwalimu, hii bastola ina kasoro, saiti zake za kulengea zimepinda."

Sikubishana naye. Nikaichukua, nikampa mgongo, nikajaza silinda mwenyewe: risasi nzima nne na maganda mawili yaliyokwisha kutumika, nimeyachanganya. Nikafunga, nikamrudishia, nikamwambia apige kama kawaida. Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili, nyundo ikaangukia ganda tupu. Ndugu zangu, mtutu uliinama upana wa kiganja kizima! Hakukuwa na mlipuko, hakukuwa na teke la silaha kurudi nyuma, lakini mkono ulikuwa umeshaisukuma silaha chini na mabega yamepanda hadi masikioni. Macho yalikuwa yamefumba, niliyaona kwa ubavu. Yule mzee akasimama kimya, anautazama mtutu wake unaoelekea ardhini. Halafu akasema taratibu, "Kumbe ni mimi."

Ni yeye, na ni mimi, na ni kila mmoja aliyeketi hapa. Mwili una akili zake. Ukiupiga teke mara tatu, mara ya nne unakuwahi. Sisi uwanjani tunasema mkono umeitangulia risasi. Tatizo hili halionekani wakati risasi inalia, kwa sababu teke lenyewe linalificha. Mtutu unaruka juu na wewe unadhani ulikuwa umetulia. Ganda tupu ndilo linalokuumbua. Ndiyo maana maganda yangu mawili hayatoki mfukoni. Haya hapa. Yapokezaneni, muyaone yalivyochakaa.

Tulimfanyaje? .44 ikawekwa kabatini, ikafungwa. Wiki za kwanza alipiga .38 Special kwenye rivolva nzito. Nyumbani kazi yake ilikuwa moja: silaha imehakikiwa mara mbili kuwa ni tupu, risasi zote ziko chumba kingine, anaelekeza kwenye ukuta imara, anaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, nyuma ya saiti ya mbele, anavuta traiga polepole hadi nyundo iangukie. Sarafu ikidondoka, anaanza upya. Mara 20 kila jioni. Aliniambia mke wake alimcheka siku mbili, siku ya tatu akaanza kumhesabia. Alipofika mahali sarafu haidondoki, tukampandisha .44 Special, halafu ndiyo .44 Magnum, risasi sita kwa siku, hazizidi. Leo kwenye mita 15 hiyo hiyo anafunika matundu yake yote kwa kisosi cha chai.

Hapo ndipo ilipo faida ya rivolva ambayo watu wanaipita. Magnum nyingi, yaani risasi zenye nguvu zaidi, zina mdogo wake. Rivolva ya .357 Magnum inakula .38 Special. Ya .44 Magnum inakula .44 Special. Ya .454 Casull inakula .45 Colt, risasi ya tangu 1873. Silaha moja, ngazi mbili. Lakini kinyume chake hakikubaliki. Ganda la .44 Magnum lilirefushwa kama milimita 3 kuliko la .44 Special ya mwaka 1907, makusudi kabisa, ili lisiingie kwenye silinda za zamani ambazo zisingehimili shinikizo lake. Kwa hiyo risasi ikigoma kuzama, usiilazimishe na usimpelekee fundi aichonge silinda. Nasema hivi nikiwa na hasira kwa sababu silinda iliyochongwa nimeishika kwa mikono yangu hii.

Sasa nasikia minong'ono kule nyuma. Najua mnachosema: "Mwalimu, sisi tunatembea porini Ruaha. Nyati hatasubiri wewe umalize habari za sarafu." Sawa. Tupige hesabu.

.38 Special inatoka mtutuni na kama jouli 300, jouli ndiyo kipimo cha nguvu ya risasi. .357 Magnum ya mwaka 1935, kama 750. .44 Magnum iliyotoka mwishoni mwa 1955, yenye kichwa cha greni 240, yaani gramu 15 na nusu, inafika 1,300 au 1,400. Ile .500 ya Smith & Wesson ya mwaka 2003, silaha ya karibu kilo 2 inayobeba risasi tano tu, inazungukia 3,500. Watu wanaisifu mpaka mate yanawatoka. Haya, raifo, yaani bunduki ya mtutu mrefu, ya .375 H&H Magnum, risasi ya tangu 1912 ambayo waongoza watalii wanaifahamu, inatoa kama 5,700. Maana yake .44 uliyoing'ang'ania haifiki hata robo ya raifo. Ukienda kwa nyati, beba raifo na ujue kuitumia. Anayekwenda kumkabili nyati na bastola kiunoni kwa sababu ni nyepesi kubeba amechagua kwa miguu yake.

Mwingine atasema, "Nguvu kidogo hizo si ndiyo sababu ya kuchukua kubwa zaidi?" Hapana! Ukikosa kwa jouli 3,500 umekosa. Nyinyi ni watu wa Iringa, Lugalo hamhitaji kuhadithiwa. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski kilipita pale kikiwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe wakakivamia kwa ghafla, wengi wao na mikuki, na askari wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya mara moja au mbili. Mnara uko barabarani, mnaupita kila siku na mabasi yenu. Mizinga ile ilikuwa na nguvu gani siku ile?

Kuna binti mmoja ni askari wa wanyamapori, mwembamba, mkono wake mdogo kuliko wa mwanangu wa kidato cha pili. Anatumia .357, na mazoezini anaweka .38. Katika wanaume 11 tuliokuwa nao msimu uliopita, hakuna aliyemfikia. Alichagua mpini kwanza. Kidole chake kinafika kwenye traiga bila kuuzungusha mkono, na mfupa wa kigasha chake umenyooka na mtutu. Fanyeni hivyo dukani: shika silaha tupu, fumba macho, inyooshe, fumbua. Kama saiti zimekaa kushoto au kulia kabisa, mpini huo si wako, hata kama kaliba unaipenda.

Na uzito. Msinunue nyepesi! Kuna rivolva ya .44 Magnum yenye gramu kama 710 na kuna ya kilo 1.3. Risasi ni ile ile. Hiyo nyepesi inapendeza kiunoni, lakini teke lote linaingia kwenye kifundo cha mkono. Nimemwona mtu mzima akiiweka mezani baada ya risasi mbili na asiiguse tena siku hiyo.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengine matano, nitayataja mbio.

Vidole: kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, na moto unatoka pale pembeni. Kwa kaliba hizi kubwa, .460 na .500, kidole gumba kilichotangulia mbele ya silinda kinaweza kuchanwa hadi mfupani. Vidole vyote vikae nyuma.

Risasi nyepesi kwa sauti: ukisikia "puf" badala ya mlipuko, simama. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Nyundo ikianguka na isilie kabisa, shikilia umeelekeza kwenye shabaha sekunde 30 ndipo ufungue.

Teke kali linaweza kuvuta vichwa vya risasi zilizobaki vichomoze mbele ya silinda, ikagoma kuzunguka. Ukipiga tatu, kagua zilizobaki.

Usafi nitauacha, tutauona kwa vitendo.

Masikio siachi. Rivolva hizi zinapita desibeli 160, na sikio linaumia kwa mlio mmoja tu unaozidi 140. Pamba hazifai. Vizibo ndani, vifuniko juu, vyote viwili.

Tutoke. Silaha zote zije mezani silinda zikiwa wazi na tupu. Risasi zibaki kwangu. Nitawajazia mimi mwenyewe, na hakuna atakayejua maganda yangu mawili yameingia kwenye silinda ya nani.