Kumchagua Msimamizi wa Polisi: Yaliyowapata Makamishna wa England na Wales

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa nasi, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie Makamishna wa Polisi na Uhalifu ambao wananchi wa England na Wales wamekuwa wakiwachagua tangu mwaka 2012, na naomba nianze na siku ya kwanza ya uchaguzi huo, kwa kuwa nilikuwepo.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 15 Novemba 2012, na mimi nilikuwa nimepata kibarua cha siku moja cha ukarani katika kituo cha kupigia kura, kwenye ukumbi wa kanisa wenye baridi iliyotufanya tusivue makoti. Tulifungua mlango saa moja asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kulitafuta jina la mpiga kura katika daftari, kuliwekea rula na kulikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha mwenzangu akatoa karatasi ya kura. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimefunua kurasa nzima za daftari lile ambazo hazikuwa na mstari hata mmoja. Mama mmoja mtu mzima aliingia, akapokea karatasi yake, akaisoma kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hawa ni kina nani?" Sheria haimruhusu karani kujibu swali kama hilo, nami sikumjibu. Aliirudisha karatasi mezani bila kuitia alama, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Nimelikumbuka swali lake kwa miaka yote hii, na sehemu kubwa ya mazungumzo ya leo ni jaribio langu la kumjibu.

Kwanza niliweke sawa jina, maana linatuchanganya sisi tuliotoka Afrika Mashariki. Kwetu Tanzania Kamishna wa Polisi ni cheo cha askari, na Kenya, kabla ya Katiba ya mwaka 2010, Kamishna wa Polisi ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi wa nchi nzima. Huyu wa hapa si askari. Havai sare, hana mamlaka ya kumkamata mtu, wala hamwamuru konstebo aende mtaa gani. Ni raia aliyechaguliwa kuwa juu ya polisi kwa niaba ya wakazi wa eneo. Anamwajiri mkuu wa polisi wa eneo hilo, yaani Konstebo Mkuu, na anaweza kumwondoa, anapitisha bajeti, anapanga sehemu ya kodi ya halmashauri inayokwenda kwa polisi, anaandika mpango wa vipaumbele vya kupambana na uhalifu, na anagharimia huduma za waathirika wa uhalifu. Yote hayo yanatokana na sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2011, ambayo iliweka makamishna 41 katika England na Wales. London haikuwekewa kamishna, kwa sababu kazi hiyo ilipewa Meya wake, na polisi wa eneo dogo la City of London waliachwa na utaratibu wao wa zamani.

Kabla ya hapo kila eneo lilikuwa na mamlaka ya polisi, kamati ambayo kwa kawaida ilikuwa na wajumbe 17, madiwani wakiwa wengi kidogo kuliko wajumbe huru. Kamati hizo zilifanya kazi kwa bidii na kwa utulivu, lakini ukimuuliza mtu aliyevunjiwa nyumba ni nani mwenyekiti wa kamati yake, hakuweza kukutajia. Hoja ya serikali ya wakati ule ilikuwa nyepesi kueleweka: badala ya watu 17 wasiojulikana, awepo mtu mmoja mwenye jina, ambaye wananchi watamlaumu na kumwondoa kwa kura. Mimi niliiunga mkono hoja hiyo, na sioni haya kusema hivyo leo. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mkuu wa polisi anateuliwa na Rais, na ambapo mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya askari anaambiwa ayapeleke kwa askari mwingine. Wanahistoria wametueleza kwamba polisi wa kikoloni waliowekwa Kenya na Tanganyika waliiga zaidi mfano wa Ireland, wa kikosi chenye silaha kinachoitii serikali kuu, kuliko mfano wa polisi walioanzishwa London mwaka 1829. Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba mimi, raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi hapa, nina haki ya kumpigia kura msimamizi wa polisi, nililiona hilo kuwa jambo kubwa sana. Haki hiyo anayo Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana mpaka wapate uraia.

Sasa tutazame kilichotokea. Waliojitokeza kupiga kura siku ile walikuwa takriban asilimia 15. Katika kituo kimoja cha Bettws, mjini Newport, hakuingia mpiga kura hata mmoja tangu kufunguliwa hadi kufungwa. Watu walilaumu giza la Novemba, lakini Novemba haikuwa peke yake. Serikali ilikataa kugharimia vipeperushi vya wagombea kupelekwa majumbani, ikawaelekeza wananchi kwenye tovuti; mgombea alitakiwa kuweka amana ya pauni 5,000; na maeneo yenyewe ni makubwa kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kubisha hodi kila nyumba. Mama yule wa ukumbini hakuwa mvivu. Alikuja kwa miguu kwenye baridi, akakuta orodha ya majina asiyoyajua. Chaguzi zilizofuata zikafanywa pamoja na za madiwani, mwaka 2016 na 2021, na idadi ikapanda, ingawa sijui ni wangapi waliokuja kwa ajili ya kamishna na wangapi walikuja kwa ajili ya diwani wakakabidhiwa na karatasi ya pili.

Jambo jingine lililoniuma ni kutoweka kwa wagombea binafsi. Mwaka 2012 walishinda maeneo 12, na wengi tuliona ni dalili njema kwamba polisi watasimamiwa na watu wasiobeba bendera ya chama. Mwaka 2021 hakushinda hata mmoja. Mwaka 2024 kanuni ya kuhesabu ilibadilishwa pia: mpiga kura ambaye zamani aliweka chaguo la kwanza na la pili akabaki na moja tu, na anayeongoza anashinda hata kama walio wengi hawakumtaka. Kwa eneo ambalo wapiga kura wenyewe ni wachache, kupunguza kukubalika kwa mshindi namna hiyo kulikuwa kosa.

Lakini hayo yote yangeweza kuvumilika. Lililoonyesha ubovu wa sheria yenyewe lilitokea South Yorkshire, na naomba mnivumilie nilieleze taratibu. Mwishoni mwa Agosti 2014 ilitoka ripoti ya Profesa Alexis Jay kuhusu mji wa Rotherham. Ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walitumikishwa na kudhulumiwa kingono kati ya mwaka 1997 na 2013, huku halmashauri na polisi wakishindwa kuwalinda. Kamishna wa eneo hilo, Shaun Wright, kuanzia mwaka 2005 hadi 2010 alikuwa diwani mwenye dhamana ya huduma za watoto katika halmashauri hiyohiyo. Chama chake kilimtaka ajiuzulu. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, ambaye ndiye aliyeisimamia sheria ya makamishna, naye akamtaka ajiuzulu. Wananchi walikwenda kwenye kikao cha jopo la madiwani linalomhoji kamishna na kumweleza ana kwa ana. Akakihama chama, akabaki na kiti. Siku zikapita, wiki zikapita, na nchi nzima ikagundua kwamba hakuna mtu yeyote mwenye uwezo wa kumtoa. Alijiuzulu kwa hiari yake tarehe 16 Septemba.

Jopo la Polisi na Uhalifu, ambalo linaundwa na madiwani wa eneo pamoja na wajumbe huru wachache, linaweza kumhoji kamishna, na kwa theluthi mbili ya kura linaweza kuyakataa mapendekezo yake ya kodi au ya Konstebo Mkuu mpya. Kumwachisha kazi haliwezi. Linaweza kumsimamisha tu ikiwa ameshtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi kifungo cha miaka miwili. Na ajabu ni kwamba mlango wa kuingilia ni mwembamba mno: aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa la kuweza kufungwa, hata kama lilitendwa utotoni, haruhusiwi kugombea. Sheria ilikagua kwa ukali namna hiyo nani aingie, ikasahau kabisa namna ya kumtoa aliyeingia. Kamishna mwenyewe, kwa upande wake, anaweza kumtaka Konstebo Mkuu aachie ngazi, ingawa hapo nako kuna mpaka: kamishna aliyemfuata Wright alipomsimamisha Konstebo Mkuu wa South Yorkshire mwaka 2016, baada ya hukumu ya uchunguzi wa maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough ya mwaka 1989, Mahakama Kuu mwaka uliofuata iliamua kwamba hatua hiyo haikuwa halali. Tazameni basi mizani ilivyokaa. Mkuu wa polisi analindwa na mahakama, kamishna analindwa na ukimya wa sheria, na mwananchi anaambiwa asubiri miaka minne.

Nisiwe mtu wa kuona mabaya tu. Mwaka 2015 kamishna wa Bedfordshire alitaka kuongeza sehemu ya polisi katika kodi kwa asilimia 15.8, na kwa kuwa kiwango hicho kilivuka kikomo kilichowekwa, sheria ilimlazimu awaulize wakazi kwa kura. Takriban 7 kati ya kila 10 walikataa. Kamishna alishindwa, lakini mimi nauhesabu mwaka ule kuwa miongoni mwa miaka bora ya mfumo huu, kwa sababu msimamizi alisimama mbele ya watu akasema nataka kiasi hiki kwa ajili ya askari hawa, na watu wakamjibu.

Nakumbuka pia mkutano mmoja wa hadhara ambao mzee wetu mmoja kutoka Mombasa, mwenye duka lililovunjwa kioo mara tatu, alisimama kumuuliza kamishna wa eneo lake. "Mwanangu," alimwambia kupitia kwa binti yake aliyekuwa akitafsiri, "wewe ndiye bosi wa polisi. Nitumie askari mmoja usiku." Kamishna alimjibu kwa heshima kwamba hawezi kumpangia askari zamu, kwa kuwa uamuzi huo ni wa Konstebo Mkuu peke yake. Mzee alikaa chini akitikisa kichwa. Wengi ukumbini walilichukua jibu lile kuwa la kukwepa. Mimi nadhani lilikuwa jibu sahihi, na nilijitahidi kumweleza mzee baadaye tukinywa chai: siku ambayo mwanasiasa ataweza kumtuma askari kulinda duka la rafiki yake, ataweza vilevile kumtuma kwa mpinzani wake, na sisi tunalijua hilo vizuri kuliko Waingereza. Kilichokuwa kibaya ni kwamba baada ya jibu hilo mkutano uliendelea na ajenda nyingine. Kamishna alipaswa kuongeza: nitamuuliza Konstebo Mkuu kwa maandishi kwa nini maduka ya mtaa huu yanavunjwa mara tatu bila mtu kukamatwa, na mwezi ujao nitawasomea majibu yake hapahapa. Hiyo ndiyo kazi aliyopigiwa kura.

Mnajua kwamba Novemba 2025 serikali ilitangaza nia ya kuwaondoa makamishna muhula wao utakapokwisha Mei 2028, na kazi zao kwenda kwa mameya, au kwa bodi za viongozi wa halmashauri pale pasipo na meya. Tayari Greater Manchester tangu mwaka 2017 na West Yorkshire tangu mwaka 2021 kazi hiyo iko kwa meya. Sina machozi ya kuulilia mfumo ambao watu hawakuujua, lakini nina hofu na hizo bodi. Bodi ya viongozi wa halmashauri inafanana mno na ile kamati ya watu 17 tuliyoikimbia. Meya naye ana usafiri wa umma, nyumba na ajira mezani kwake, na wengine wanamkabidhi naibu waliyemteua kazi ya polisi, naibu ambaye hakuna aliyempigia kura.

Kwa hiyo maoni ninayopanga kumwandikia mbunge wangu, na ninayowaomba mmwandikie wa kwenu, ni machache. Sheria mpya itaje kwa jina la cheo mtu mmoja ambaye mkazi atampelekea swali kuhusu polisi na kudai jibu lake hadharani ndani ya muda uliowekwa. Iseme ni nani anayeweza kumwondoa mtu huyo kabla ya uchaguzi, kwa sababu zipi na kwa kura ngapi, na mwenye nafasi hiyo awe na haki ya kusikilizwa kwanza. Na ikiwa bado kutakuwa na karatasi ya kura, basi karani wa kituo asiwe mtu wa kwanza ambaye mama yule anamuuliza wagombea ni kina nani.