Karatasi, Gundi na Neno la Muuzaji

Ndugu zangu, habari za jioni. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya wakusanyaji na wauzaji mashuhuri wa stempu wa Uingereza ya zamani, na amenipa saa nzima. Sitaimaliza. Naona wengi mmekuja na albamu kwapani na mnangoja kubadilishana.

Nianze mwaka 1841. Stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria, ilikuwa imeanza kuuzwa tarehe 1 Mei mwaka uliotangulia. Mara likatoka tangazo katika gazeti la The Times la London: binti mmoja anataka kupamba chumba chake cha kuvalia kwa stempu zilizokwisha kutumika. Amekwisha pata 16,000, na anawaomba wasomaji wamwongezee. Binti huyo huwa ananitia simanzi. Stempu elfu kumi na sita, na zote za ukutani! (Kicheko.)

Si kwamba hakuna aliyeziwekea nia njema. John Edward Gray, bingwa wa elimu ya wanyama katika British Museum, alinunua stempu zile siku ya kwanza kabisa ili azihifadhi, na ndiyo maana wengi humtaja kama mkusanyaji wa kwanza. Lakini Gray alikuwa mtu wa makumbusho. Kuweka vitu na kuvipa vibandiko ilikuwa kazi yake ya kila siku. Kwa watu wengine stempu iliyopigwa muhuri ilikuwa takataka, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusema hii ni adimu, ile imejaa tele, na hii nyingine ni ya kughushi.

Hoja yangu leo iko hapo. Tumezoea kuwasifu wafalme na matajiri walionunua. Mimi nasema stempu ilipata thamani siku walipotokea watu wa kuikagua na kuitajia bei, na wenzao wakawaamini. Wengi wao walikuwa wauza duka.

Mnamo 1862 hivi, wakusanyaji wa London walikuwa wakikutana uchochoroni, Birchin Lane, kwenye mtaa wa mabenki. Vijana wa ofisini, watoto wa shule, hata mabibi waliovaa vizuri, wanabadilishana wamesimama hadi polisi waje kuwatawanya. Waliojiweza walikwenda kwa Mchungaji Francis Stainforth, aliyefungua nyumba yake Jumamosi alasiri. Katika kikundi hicho walikuwamo mwanasheria Frederick Philbrick, Sir Daniel Cooper aliyekuwa Spika wa bunge huko New South Wales, na kijana Edward Pemberton. Kutoka kwao ikazaliwa Philatelic Society, London, yaani chama cha wakusanyaji wa stempu, tarehe 10 Aprili 1869. Mnamo 1906 ikapewa jina la kifalme.

Huyo Pemberton tumwangalie kidogo. Alizaliwa 1844, akafa 1878, yaani hakufikisha hata miaka 35. Mwaka 1863, akiwa bado hajatimiza miaka 20, yeye na Thornton Lewes walitoa kitabu cha kuwafundisha watu kutambua stempu bandia. Fikirini: stempu zina umri wa miaka 23 tu duniani, ukusanyaji wenyewe haujakomaa, na tayari feki ni nyingi kiasi cha kuandikiwa kitabu. Pemberton mwenyewe alikuwa muuzaji. Kila ukurasa alioandika ulimnyima riziki mwenzake fulani sokoni.

Sasa Stanley Gibbons, ambaye jina lake mnaliona kwenye katalogi zenu. Alizaliwa Plymouth mwaka 1840, mwaka uleule wa stempu, na sijui kama kuna mtu aliyezaliwa kwa wakati mzuri zaidi. Baba yake, William, alikuwa na duka la dawa, na mwaka 1856 kijana akapewa pembe humo dukani auzie stempu. Plymouth ni mji wa bandari, mabaharia wanapita mlangoni mchana kutwa. Mwaka 1863 wakaingia wawili na mfuko, wakaumwaga mezani: stempu za pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema, kwa maelfu. Akawapa pauni 5, wakaondoka wakifurahi. Inasemekana zilimpatia faida ya mamia ya pauni.

Hadithi hiyo kila mtu anaipenda, na mimi pia, ila naona inamfanya Gibbons aonekane mtu wa bahati tu. Wenye bahati walikuwa wengi pale bandarini. Alichofanya yeye ni kuchapisha orodha ya bei, Novemba 1865, akaendelea kuichapisha tena na tena. Mteja wa Edinburgh au wa Bombay ambaye hajawahi kumwona uso angeweza kusoma stempu ipi ni shilingi ngapi, akatuma fedha, akapata alichoagiza. Orodha ya muuzaji mmoja ikageuka kipimo cha watu wote. Wapinzani wake nao wakawa wanauza kwa kutaja namba zake. Wafanyabiashara mlio hapa mnaelewa hiyo ni nguvu ya namna gani.

Mwaka 1874 alihamia London, na mwaka 1890, akiwa na miaka 50, akauza biashara kwa pauni 25,000. Aliyenunua ni Charles Phillips wa Birmingham, na mimi nadhani huyu ndiye aliyeifanya kampuni iwe kubwa kweli, ila jina la mlangoni hakulibadilisha. Alijua amenunua nini. Gibbons akabaki na muda wa kusafiri na kuoa. Alioa mara tano, na wasiomwelewa waulize wake zake. (Kicheko.)

Wakati Phillips anapanua duka, London hiyohiyo ilikuwa na duka la namna nyingine, katika Cullum Street. Alfred Benjamin na Julian Sarpy walikuwa wakiuza stempu za kughushi bila kuona haya, na fundi wao alikuwa George Kirke Jeffryes. Husimuliwa kwamba mteja akiuliza stempu fulani, mmoja huingia chumba cha nyuma "kuitafuta", akarudi nayo wino haujakauka. Mwaka 1892 mahakama iliwatia hatiani. Na miaka miwili baadaye Philatelic Society ile niliyoitaja ikaunda kamati ya wataalamu ya kukagua stempu na kutoa hati. Kamati hiyo ipo mpaka leo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinamhusu Charles Nissen, muuza stempu wa London. Mniruhusu nikieleze taratibu, maana utamu wake uko kwenye vitu vidogo.

Katika miaka ya 1870 ukituma simu ya maandishi Uingereza, ulilipa dirishani, na karani akabandika stempu kwenye fomu yako na kuigonga muhuri. Fomu hukuichukua. Ilibaki ofisini, ikakaa ghalani, mwisho iteketezwe. Sasa mwaka 1872, katika posta ya Soko la Hisa la London, ambako madalali walituma simu kutwa nzima, karani alikuwa akibandika stempu bandia za shilingi moja, za kijani, na fedha zikiingia mfukoni. Mteja hana haja ya kuitazama stempu, na mkubwa wa ofisi anahesabu fomu. Mchezo ukaisha, na hakuna aliyeshtuka kwa zaidi ya robo karne.

Mwaka 1898 baadhi ya karatasi hizo kuukuu zilikuwa zimevuja zikafika kwa wauza stempu, na Nissen akawa anachambua shilingi za kijani zilizotoka kwenye fomu za simu. Stempu hizo zilichapwa kwenye karatasi yenye stempu 240, mistari 20, kila mstari stempu 12, na kila stempu ina herufi pembeni zinazoonyesha mahali pake. Herufi ya mstari huanzia A hadi T. Herufi ya nafasi ndani ya mstari huishia L, kwa kuwa L ni ya kumi na mbili. Nissen akakutana na stempu zenye herufi zilizovuka L, yaani stempu za nafasi ya kumi na tatu, kumi na nne, katika mstari wenye kumi na mbili! Akazigeuza kwenye mwanga. Alama ya maji, ile iliyomo ndani ya karatasi halali na kuonekana kwenye mwanga, ua la waridi, haimo.

Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Na leo stempu hiyo ya wizi huuzwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko ya halali. Posta ilikuwa na wakaguzi, vitabu na mihuri yake. Aliyegundua ni muuzaji aliyejua kuhesabu herufi, kwa sababu akikosea yeye anakula hasara.

Matajiri nitawapitia haraka. Thomas Tapling, mbunge, mwenye biashara ya mazulia, alikusanya tangu utotoni, akafa 1891 akiwa na miaka 35. Wengine wakifa mikusanyo yao hupigwa mnada na kutawanyika. Wa kwake aliuachia British Museum, na hadi leo upo mzima katika British Library. Aliyeupanga kwa miaka ni Edward Bacon, na kazi hiyo ilimpeleka mbali: mwaka 1913 akawa mtunza stempu wa Mfalme George V.

George alikuwa mkusanyaji tangu ujana. Januari 1904, akiwa bado mrithi wa kiti, alitoa pauni 1,450 mnadani kununua stempu ya Mauritius ya 1847, ile ya peni mbili ya buluu, bei ambayo stempu moja haikuwahi kufikia. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa nyumbani kwake alimuuliza kama amesikia kuna mpumbavu aliyetoa fedha zote hizo. Akajibiwa kwamba mpumbavu mwenyewe ndiye anayezungumza naye. Alijifunga na stempu za Uingereza na himaya yake, zikiwamo za kwetu. Kenya na Uganda zilitumia kichwa chake, mpaka stempu ya pauni 100. Tanganyika ya 1922 ilitoka na kichwa cha twiga, na ukiniuliza mimi, twiga alipendeza zaidi. (Makofi.)

Nimalizie na jambo la huku kwetu, kwa sababu najua kuna watu wana bahasha za babu sandukuni. Mwaka 1895, huko Mengo, mmisionari Ernest Millar alitengeneza stempu za Uganda kwa taipureta yake: herufi U na G, na bei kwa hesabu ya kauri, yale makombe ya baharini yaliyotumika kama fedha, 200 kwa rupia. Ni miongoni mwa stempu zinazotafutwa sana na wakusanyaji wa Uingereza. Lakini wazieni urahisi wa kuzighushi. Mwizi anahitaji taipureta kuukuu na karatasi nyembamba. Mwaka huohuo Zanzibar ilitumia stempu za Bara Hindi zilizogongwa neno "Zanzibar" juu yake, na chapa hizo bandia zimejaa sokoni tangu enzi hizo.

Kwa hiyo aliye na Zanzibar ya 1895 asiniombe niithibitishe hapa chini ya taa hii. Nitaitazama, nitaisifu, na sitaweka sahihi yangu popote. Ipelekwe kwa kamati ile ya wataalamu ya London, ilipiwe ada, ingojewe. Na tafadhali, yeyote anayeuza leo pale meza ya nyuma aandike nyuma ya bahasha alikoipata stempu na jina lake. Mwenyekiti, kama muda unaruhusu, nipo kwa maswali.